Unahama na una akwariamu: mtoni, baharini, bwawani, kwa mtu au karafuu?

Huku kusini uhamisho ukitoka unatoka ghafla, leo uko Mtwara mjini, mwezi ujao unatakiwa kuripoti Katavi, kabati unauza, kitanda unauza, mtungi wa gesi unaondoka nao, linabaki lile tangi la kioo sebuleni na samaki wake na watoto wanakukodolea macho. Hapo ndo watu wanaanza kuwaza mto. "Mi ntawapeleka tu Lukuledi waende zao" — nimeisikia sana hiyo, na anayeisema wala sio mtu mbaya, anaona kuua ni roho mbaya na kumwachia ni huruma. Msimamo wangu nauweka mapema ili usimalize bando lako bure: kati ya njia zote ulizonazo mto ndo mbaya kuliko zote, mbaya hata kuliko kuwaua kwa mkono wako mwenyewe kwa mafuta ya karafuu, na ipo njia nyingine inayoonekana ya kistaarabu kabisa, bwawa la uani, ambayo kwa masika ya huku ni mto uleule ila umecheleweshwa tu.

Mtoni au ziwani

Ukimwaga samaki mtoni mambo ni mawili, afe au asife. Akifa hajafa vizuri, huyo amezoea chakula cha kopo saa mbili asubuhi, rangi yake ya chungwa inaonekana mita kumi, hajui kambale wala mdiria ni nani, kwahiyo huruma yako imemnunulia siku mbili za njaa na mwisho kuliwa akiwa hai. Asipokufa ndo balaa lenyewe.

Na hapa naomba tuelewane kuhusu ushauri wa mtandaoni, mwingi umeandikwa na watu wa nchi za baridi. Kwao samaki wengi wa mapambo wakitupwa mtoni baridi ya Januari inawamaliza, kwahiyo tatizo linajipunguza lenyewe. Sisi hiyo baridi tunaitoa wapi? Gapi, moli, beta, yule mweusi anayenyonya kioo, wote hao asili yao ni maji ya joto ya Amerika au Asia, joto la digrii 24 mpaka 28 hivi ndo wanalopenda, na hayo ndo maji ya mabwawa na mito yetu karibu mwaka mzima. Yaani unamtoa kwenye tangi unampeleka sehemu ambayo hali ya hewa imeshamkubali.

Tena goldifishi ndo hata baridi haimtishi. Mwaka 2021 mji wa Burnsville, jimbo la Minnesota kule Marekani ambako maziwa yanaganda barafu, walitangaza wazi kuwaomba wakazi waache kumwaga goldifishi ziwani baada ya kuvua wakubwa ajabu. Australia, mto Vasse, goldifishi wametolewa wakiwa wanakaribia kilo 2, wale wale unaowaona dukani wana urefu wa kidole, na mmoja waliyemfungia kifaa cha kumfuatilia alizunguka zaidi ya kilomita 200 ndani ya mwaka, hapo ni kama ametoka Mtwara mjini akaenda Masasi kwa kuogelea. Na tabia yake ni kufukua tope akitafuta chakula, maji yanachafuka, majani ya chini yanang'oka, mayai ya samaki wengine anakula, tope lililotulia na mbolea yake linapanda juu na mwani unashamiri.

Gapi watu wanamdharau kwa sababu ni kadogo. Gapi anazaa, hatagi, jike akishapandwa mara moja anatunza mbegu za dume miezi kadhaa na kuendelea kuzaa kila baada ya wiki nne hivi bila dume mwingine. Kwahiyo ile kauli ya "nimemwachia mmoja tu" kwa gapi haina maana yoyote, huyo mmoja ni ukoo mzima.

Sasa yule mnyonya kioo. Huyu nakaa naye kidogo maana ndo anayetupwa sana, sababu yake ni rahisi, ananunuliwa ana sentimita tano "asafishe tangi" na muuzaji hakuambii kwamba anafika sentimita 40 na kuzidi. Akishaanza kugonga vioo usiku na kung'oa majani mwenye nyumba anamchoka. Mshike uone alivyo: mwili umevaa magamba magumu kama bati, mapezi yana miiba, mdomo uko chini kama kikombe. Nje ya maji hafi haraka maana anaweza kumeza hewa na kuitumia. Akiingia mtoni anachimba mashimo kwenye kingo kwa ajili ya kutagia, mashimo ya kwenda ndani hata mita moja, na yakiwa mengi kingo inalegea na kubomoka. Bwawa la Infiernillo kule Mexico lilikuwa maarufu kwa perege, wakaingia hawa, miaka ya 2000 wavuvi wakawa wanavuta nyavu zimejaa wanyonya kioo ambao hawauziki na miiba yao inachana nyavu. Afrika Kusini wameshaonekana pia, kwenye mito ya KwaZulu-Natal. Fikiria hilo kwenye kingo za Ruvuma, au Lukuledi kule chini wanakolima mpunga na mboga, halafu uniambie ni huruma.

Magonjwa nayo. Samaki wa dukani ametoka kwenye matangi yaliyochanganya samaki wa nchi tofauti tofauti, anaweza kuwa na minyoo au vimelea ambavyo yeye amevizoea na samaki wetu hawajawahi kukutana navyo, anaonekana mzima kabisa na bado akaambukiza.

Na ukisema haya ni mambo ya Mexico na Australia, basi njoo Lindi. Ziwa Rutamba, na wenzake Nambawala na Mitupa, watafiti waliokuja kati ya 2013 na 2016 walikuta humo perege wa Korogwe, aina ambayo ilikuwa inajulikana kule Tanga, mto Zigi na bwawa la Mlingano. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha hawa wa kusini hawakuletwa na mtu juzi, walitengana na wenzao wa Tanga miaka kama 140,000 iliyopita. Yaani kuna perege wa kwetu kabisa, wa kipekee, na hata hatukuwa tunajua. Kwenye vipimo hivyohivyo wakakuta jingine: sato, yule mkubwa ambaye asili yake sio huku, ameshaingia kwenye maziwa hayo na wameshazaliana, wapo machotara kwenye maziwa yote matatu. Sato hajatoka kwenye akwariamu ya mtu, nakubali, sato anasambazwa kwa nia njema ya kitoweo. Ila namna madhara yanavyotokea ni ileile, mgeni anaingia, haonekani kama adui, hali wenyeji kwa fujo, anaoana nao tu mpaka mwenyeji halisi anapungua kimya kimya, na hakuna wavu duniani unaoweza kuchuja damu ukatoa chotara ukabakiza mwenyeji. Hiyo tofauti ya miaka laki na ushee ikishachanganyika ndo imeisha hivyo.

Ziwa Victoria sina haja ya kulirudia, sangara wa miaka ya 1950 na furu waliopotea kila mtu kasoma shuleni. Na gugumaji nalo lilianza safari zake duniani kama ua la kupamba mabwawa.

Baharini

Wengine wa Shangani na Mikindani wanaona afadhali baharini, "bahari ni kubwa". Kwa goldifishi, beta na mnyonya kioo bahari ni kifo cha kikatili, chumvi inamnyonya maji mwilini mpaka anakauka akiwa ndani ya maji. Kama lengo lilikuwa huruma, hapo hamna. Kwa moli sasa kibao kinageuka, moli anahimili maji ya chumvi kabisa, na gapi naye akizoeshwa taratibu anavumilia chumvi nyingi. Ukiwamwaga kwenye vijito vya mikoko, pale maji ya mto na bahari yanapokutana, umewaweka mahali pao na umewaweka kwenye kitalu cha samaki wadogo wanaotulisha.

Kuna kinyume chake ambacho huwa nakifikiria. Yule samaki mwenye mapezi kama unyoya na miiba ya sumu, Wazungu wanamwita lionfish, ambaye miambani kwetu hapa mpaka kwenye hifadhi ya Ghuba ya Mnazi ni mwenyeji wa siku zote na anaishi kwa adabu zake, yeye na ndugu yake wa Pasifiki walipelekwa Marekani kwa ajili ya akwariamu, mwaka 1985 wa kwanza akaonekana kwenye bahari ya Florida, na leo wamejaa mpaka Karibiani wanafagia samaki wadogo kwenye miamba kwa sababu kule hakuna aliyewazoea. Samaki mzuri kwao, janga ugenini.

Bwawa la uani

Hii ndo inawagawa watu. Kwa ulinganisho wa haraka bwawa linashinda mto kwa mbali: samaki anaishi, unamlisha, watoto wanamwona. Mimi mwenyewe ningelikubali kama tungekuwa tunaishi sehemu ya manyunyu. Lakini masika yetu yanaanza Novemba au Desemba na kwenda mpaka Aprili, Mei, na yakishuka yanashuka. Mei 2024 mabaki ya kimbunga Hidaya yalikata barabara ya Lindi kwenda Dar pale Somanga, lami na madaraja yamekwenda na maji, sasa kibwawa chako ulichojengea matofali mawili kwenda juu kitasalimika vipi?

Tena wala hauhitaji kimbunga. Nenda kaangalie bwawa la uani siku ya mvua kubwa ya saa mbili. Maji yanapanda, yanafika ukingoni, yanaanza kumwagika upande ulio chini, na pale yanapomwagika gapi wadogo wanachukuliwa nayo. Kutoka hapo ni mfereji wa barabarani, kutoka mfereji ni korongo, kutoka korongo ni mtoni au kwenye mikoko. Mwenye bwawa asubuhi anaona samaki wamepungua anasema paka.

Kwahiyo bwawa linategemea uko wapi. Ukiwa juu kwa Wamakonde, Newala au Tandahimba, ambako uwandani maji ya kutiririka hamna na mvua inanywewa na mchanga, hatari ni ndogo. Ukiwa bondeni, karibu na mfereji unaokwenda ghubani Mikindani au Lindi, hatari ni kubwa, usijidanganye. Kama lazima uwe nalo basi lijengewe kwa zege, ukingo unyanyuke angalau sentimita 30 juu ya maji, bomba la kupunguzia maji liwe na wavu wa matundu madogo kama chandarua, na maji yake yaishie kwenye migomba sio kwenye mfereji. Na usiweke mnyonya kioo hata kwa dawa. Wanaotaka gapi eti wamalize viluwiluwi vya mbu, funika pipa kwa chandarua, fukia madimbwi, utapata matokeo yaleyale bila kuzalisha mgeni.

Kumpa mtu, au kurudisha dukani

Hii ndo chaguo langu la kwanza na wala haina mjadala mrefu, kazi yake ni usumbufu tu. Huku maduka ya samaki wa mapambo ni machache kwahiyo ulizia mapema, usingoje siku lori la mizigo liko getini. Wengi wanakubali kuchukua bure, pesa usitegemee. Unaweza kwenda kuuliza chuo cha uvuvi, FETA wana kampasi pale Mikindani, na hata kama hawatachukua utapata mtu anayejua samaki wa kukuelekeza, au afisa uvuvi wa halmashauri yako. Shule binafsi na kumbi zenye tangi pale mapokezi nazo jaribu.

Ila usimpe mtu kwa sababu tu amesema ndio. Mtoto wa jirani anayeruka ruka "naomba anko, naomba" ana furaha ya wiki moja, baada ya hapo mama yake ndo atakuwa anabadilisha maji, na mama yake ndo atakayewapeleka mtoni. Muulize mama kwanza. Na mpe tangi, pampu na chakula vyote kwa pamoja, ukitaka kuuza tangi peke yake kwa elfu hamsini na kugawa samaki bure unajua mwenyewe samaki wataishia kwenye beseni.

Kuondoka nao je? Inawezekana kuliko watu wanavyodhani, kwa samaki wadogo. Siku moja kabla usiwalishe ili wasichafue maji njiani, mfuko wa nailoni mgumu weka maji theluthi moja na hewa theluthi mbili, funga kwa mpira, tia mfuko wa pili juu yake, panga kwenye boksi la styrofoam au ndoo yenye taulo, weka kivulini miguuni kwako sio kwenye buti la basi, na Mtwara mpaka Dar wanafika. Katavi hapo sasa ni safari nyingine, ningewagawa.

Karafuu

Watu wanaikimbia hii, na mimi naiweka juu ya mto na juu ya bahari bila kupepesa. Kama samaki anaumwa, au ni mnyonya kioo wa mkono mzima ambaye duka limekataa na hakuna mwenye tangi la kumtosha, kumlaza kwa mafuta ya karafuu ni ustaarabu kuliko kumtupa. Mafuta haya yanapatikana kwenye maduka ya dawa na ya viungo, watu wanayatumia kwa jino.

Mchukue samaki umweke kwenye ndoo yenye maji ya tangi lake mwenyewe, ujue ni lita ngapi. Mafuta hayachanganyiki na maji hivihivi, kwahiyo tia matone kadhaa kwenye chupa ndogo yenye maji ya vuguvugu, tikisa mpaka yawe meupe kama maziwa, mimina kidogo kidogo ndoo yote ienee. Ndani ya dakika chache anapoteza balansi, analala ubavu, mashavu yanapumua polepole. Ongeza mpaka jumla ifike kama matone kumi kwa lita, halafu muache, hata ukiona mashavu yamesimama muache nusu saa zaidi maana anaweza kuwa amelala tu. Kisha mzike mbali na maji. Usimle, hujui tangi limetiwa dawa gani miezi yote hiyo.

Choo cha kuflashi usifikirie. Huko akiwa mzima anakufa kwenye kinyesi polepole, na akiwa mgonjwa umepeleka ugonjwa mbele.

Kama bado hujanunua

Basi ulinganisho unakuwa mtamu zaidi maana unaweza kuchagua samaki ambaye hatakuletea kesi yoyote. Ukiwa na ajira ya kuhamahama acha goldifishi na koi, goldifishi akitunzwa anaishi miaka 10 na zaidi, koi anavuka nusu mita, hao ni samaki wa mtu mwenye nyumba yake. Mnyonya kioo acha kabisa, kioo safisha na sponji. Beta dume mmoja ni chaguo zuri, anakaa peke yake, anaishi miaka miwili mitatu, akizeeka anakufa mikononi mwako na habari imeisha. Gapi ukiwapenda nunua madume matupu, ndo wenye mikia ya rangi kwanza, majike ya nini.

Kichekesho ni kwamba kwenye madimbwi ya msimu ya ukanda wa pwani yetu, mpaka huku kusini, wanaishi visamaki vya jamii ya Nothobranchius, madume yana rangi nyekundu na buluu za kuzidi gapi wote wa dukani, wanakua haraka mvua ikinyesha, wanataga kwenye tope, dimbwi likikauka wazazi wote wanakufa na mayai yanasubiri ndani ya udongo mpaka masika yajayo. Wapenzi wa akwariamu Ulaya wanawatafuta kwa udi na uvumba. Sisi tunakanyaga hayo madimbwi tukienda kununua goldifishi.

Maji na majani ya tangi

Hata ukishagawa samaki wote kazi haijaisha, na hapa ndo wengi waliofanya vizuri wanaharibu. Maji ya mwisho yana mayai ya konokono, vipande vya majani, pengine vitoto vya gapi vya jana ambavyo hukuviona. Usiyamwage mfereji wa barabarani, mwaga kwenye mchanga mkavu au shina la mwembe mchana jua likiwa kali. Majani ya tangi, yale yanayoelea hasa, yaanike juani mpaka yapukutike, halafu choma au fukia, kipande kidogo cha kijani kikifika bwawani kinaanza upya. Kokoto na nyavu za kuchotea zisuuze, zianike juani siku mbili tatu mpaka zikauke kabisa ndo umpe mtu, na maji ya kusuuzia nayo yaende huko huko kwenye mwembe.